Boksi la kuazimisha: wema unavyofanyika kwenye mabanda ya mashindano ya roboti

Timu inayosifiwa kwa kuwasaidia wenzake kwenye mashindano ya roboti huwa imeanza kusaidia wiki mbili kabla ya safari, siku wanafunzi wanapopanga vifaa. Ukiingia ukumbini na spana moja ya kila saizi, betri tatu na nyaya za kukutosha mwenyewe, utakuwa na moyo mzuri lakini hutakuwa na cha kumpa mtu. Jirani akija saa tatu asubuhi kuomba kiunganishi cha betri utamwambia pole, na pole haiwashi roboti.

Haya tunayoyaeleza yanahusu zaidi mashindano ya FIRST ya Marekani, yale ya roboti kubwa za wanafunzi wa sekondari, kwa sababu kule utamaduni huu umekomaa hadi ukaingizwa kwenye kanuni za mchezo. Mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika hilo la FIRST mwaka 1989, na mashindano ya kwanza yakachezwa 1992 kwenye ukumbi wa shule moja mjini Manchester, New Hampshire, kwa timu 28. Profesa Woodie Flowers wa chuo kikuu cha MIT, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyewazoesha washiriki wazo kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote na papo hapo ukamtendea mpinzani kwa heshima. Kipimo alichowapa ni chepesi kukumbuka: tenda jambo ambalo bibi yako akiliona atajivunia.

Lakini wazo peke yake halitoshi. Lililosaidia ni muundo wa mchezo. Tangu 1999 timu hazichezi kila moja peke yake, huchezeshwa kwa miungano, na tangu 2005 kila muungano una timu tatu. Kwenye mechi za mchujo, zile za awali za kupanga msimamo, ratiba ndiyo inayopanga nani acheze na nani, kwa hiyo timu uliyoikabili saa nne asubuhi inaweza kuwa mwenzako saa nane mchana. Ukimnyima spana asubuhi, mchana utasimama naye uwanjani roboti yake ikiwa imekufa, na pointi zitakazopotea ni zako pia. Michezo mingine imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 kulikuwa na daraja katikati ya uwanja ambalo roboti za pande mbili zinazoshindana zilipaswa kupanda pamoja na kulisawazisha, na pande zote mbili zikapata pointi za msimamo. Mwaka 2024 kila upande ulikuwa na kitufe chake. Pande zote zikikibonyeza mapema, idadi ya pete za kufunga ili kupata pointi ya ziada ilishuka kutoka 18 hadi 15 kwa wote kwenye mashindano ya ngazi ya kwanza. Mtoto aliyepitia misimu miwili ya namna hii haoni ajabu kumsaidia mpinzani.

Turudi kwenye boksi. Boksi la kuazimisha litengwe na boksi la timu, tena lisiwe mahali pa kutupia vifaa vilivyochoka. Ndani yake weka viunganishi vya betri vyekundu vya ampea 50 na koleo lake la kubania, waya namba 12 nyekundu na nyeusi mita tano kila rangi, waya za mawasiliano za njano na kijani, swichi kuu moja ya ampea 120, vikata umeme vinne vya ampea 40, vibana waya vya plastiki mia mbili, bolti na nati za saizi zinazotumika zaidi, ribiti, utepe wa umeme, waya mbili fupi za mtandao, waya ya USB ya kuunganishia kompyuta ya roboti na miwani mitano ya kinga. Miwani husahaulika sana, na bila miwani mtu haruhusiwi kukaa bandani, pale timu inapotengenezea roboti yake. Ongeza kitambaa cha bampa, zile kinga za mbao zinazoizunguka roboti, chekundu na cha buluu, pamoja na stepla kubwa ya mbao.

Vitumikavyo na vifaa visichanganywe. Bolti, vibana waya na ribiti zinatolewa moja kwa moja, hazidaiwi. Spana, drili na koleo zinaazimwa, kwa hiyo zizungushiwe utepe wa rangi ya timu na ziandikwe namba ya timu. Weka daftari mezani: kifaa, namba ya timu, saa. Wengine huliona daftari hilo kama dalili ya kutoaminiana. Hapana. Ukumbini kuna timu arobaini, kila mtu anakimbia, na ikifika saa kumi jioni aliyeazima koleo hakumbuki tena alilitoa banda gani. Daftari humwondolea aibu ya kuzunguka akiuliza.

Mahali pa kwanza pa kusaidia ni ukaguzi. Roboti haichezi mechi rasmi mpaka mkaguzi airidhie, na timu ngeni hukwama pale pale kila mwaka. Uzito ni mojawapo: msimu wa 2025 kikomo kilikuwa pauni 115, karibu kilo 52, bila bampa na betri. Timu iliyozidi kwa kilo moja huanza kutoboa mashimo kila mahali kwa hofu. Waelekeze kwanza kwenye vitu vya kuondoa kabisa: bamba lisilobeba mzigo, mota ya mkono ambao bado haufanyi kazi, bolti ndefu zinazochomoza. Mashimo hula saa mbili na kuondoa gramu chache. Bampa ndizo zinazowakwamisha wengi zaidi: mbao imeachwa wazi kwenye kona, kitambaa kimelegea, au bampa imefungwa juu au chini ya urefu unaotakiwa. Kona hushonwa kwa stepla na watu wawili, mmoja anavuta kitambaa na mwingine anapiga, na kazi ya nusu saa huisha kwa dakika kumi. Waya nazo: sakiti ya ampea 40 inataka waya namba 12 au nene zaidi, na nyaya kuu za betri namba 6 (namba ikiwa ndogo, waya ni nene zaidi). Timu iliyotumia waya nyembamba haihitaji mahubiri kuhusu kanuni. Inahitaji mita mbili za waya sahihi na mtu wa kubana viunganishi.

Hapa kuna jambo linaloharibu msaada mwingi kuliko ukosefu wa vifaa. Wanakuja wanafunzi wanne mahiri wenye fulana zinazofanana, wanaizunguka roboti ya timu ndogo, wananyang'anya bisibisi, wanarekebisha kila kitu kwa dakika ishirini na kuondoka. Roboti inatembea, lakini wenye roboti wamesimama pembeni wameshika mikono nyuma, na tatizo likirudi baada ya mechi mbili hawajui pa kuanzia. Huo si wema, hata kama ulifanywa kwa nia njema. Utaratibu tunaoufundisha ni huu: ukifika, salimia, jitambulishe, uliza nani anashughulikia umeme au programu, kisha uliza kama wanapenda msaidiane. Wakikataa, waachie namba ya banda lako na uondoke. Wakikubali, kifaa cha kupimia shika wewe, roboti waishike wao. Spana ikae mkononi mwa mwenye roboti. Na tazama nani anasukumwa nyuma: mara nyingi ni msichana aliyefunga waya zote zile mwenyewe, na anayejibiwa maswali ni kaka aliyesimama karibu naye. Muulize yeye.

Tuchukue tatizo moja linalorudi kila mashindano. Roboti inawaka, redio inawasiliana, lakini magurudumu ya upande mmoja hayazunguki. Mtu mwenye haraka atasema mota imeungua, na wakianza kufungua mota mechi itawapita. Anzeni na waya za mawasiliano, zile mbili zilizosokotwa, ya njano na ya kijani, zinazopita kwenye kidhibiti mota kimoja hadi kingine. Zimeni swichi kuu. Multimita iwekwe kwenye omu, ipimwe kati ya njano na kijani. Kila ncha ya mstari ina kizuizi cha omu 120, kwa hiyo mstari mzima ukiwa sawa utasoma karibu 60. Mkisoma 120, waya imekatika mahali fulani au kizuizi cha upande mmoja hakijaunganishwa. Mkisoma karibu na 0, njano na kijani zimegusana. Sasa mnajua mnachotafuta. Mwanafunzi wao atikise kila kiungio polepole huku mwingine akitazama namba, itakaporuka, mmefika. Mara nyingi mtakuta ganda la waya halikumenywa vya kutosha na kiungio kimeuma plastiki badala ya shaba, au kiunganishi hakikubofywa mpaka mwisho. Mkisharekebisha, vuteni kidogo kila waya kwa kidole, kisha mzifunge kwenye fremu ili zisining'inie, maana roboti ikigongwa uwanjani waya inayoning'inia ndiyo itakayochomoka. Kama omu ni 60 na bado mota hazizunguki, tazameni kwenye laptopu kama vidhibiti viwili vimepewa namba moja ya utambulisho. Kazi yote hii, kwa mtu aliyezoea, ni dakika kumi. Lakini ifanye kwa dakika kumi na tano ukieleza, ili mara ya pili wasikuhitaji.

Muda ukiwa hautoshi, punguza matarajio. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2025, mechi ilikuwa ya dakika 2 na nusu, na sekunde 15 za kwanza roboti ilijiendesha yenyewe. Timu ambayo mkono wake umevunjika bado inaweza kuandika mistari michache ya programu ya kusogea mbele sekunde mbili na kusimama, na pointi hizo zinaingia kwa muungano mzima. Kabla ya kugusa programu ya mtu, nakili ya kwake kwenye flashi na umwachie. Usimwekee kitu asichoweza kukieleza, kwa sababu majaji watapita bandani kwake baadaye kumuuliza roboti inavyofanya kazi. Usipake gundi ya nyuzi za bolti kwenye roboti ya mtu karibu na polikaboneti: plastiki hiyo hupasuka ikiguswa nayo, na ufa utaonekana wewe ukiwa umeshaondoka.

Betri zinataka maelezo yake. Betri ya roboti hizi ni ya volti 12, ampea 18 kwa saa, ya asidi na risasi iliyofungwa, na uzito wake unakaribia kilo 6. Timu changa hufika na mbili au tatu, na ratiba ya mechi kumi kwa siku mbili inazimaliza. Ukiazimisha, azimisha nzuri. Kuna tabia ya kutoa ile kuukuu kwa kuwa haitakuuma ikipotea, na matokeo yake roboti inaanza vizuri, mota zote zikivuta kwa pamoja volti zinaporomoka chini ya 7, kompyuta ya roboti inakata umeme wa mota ili ijilinde, na waliokuamini wanasimama katikati ya uwanja. Pima kabla ya kutoa: iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7 au zaidi. Shika vichwa vya waya pale vinapofungwa na bolti na uvitikise. Vikicheza hata kidogo, kaza, kwa sababu bolti iliyolegea huleta dalili zile zile za betri mbovu na watu hubadilisha betri tatu bila kupona. Waambie wabebe kwa mikono miwili chini ya betri, kamwe wasiinue kwa nyaya. Kubalianeni pia nani ataichaji. Chaja za kawaida hupeleka ampea 6 tu, kwa hiyo betri iliyokwisha inahitaji zaidi ya saa tatu. Betri uliyoitoa saa saba mchana usiihesabu kwenye mechi yako ya saa tisa.

Uwanjani wema una sura nyingine. Roboti hugongana, na kugongana kumo ndani ya mchezo. Hakuna anayetakiwa kucheza kwa ulegevu. Kanuni zenyewe zinakataza kuishawishi timu nyingine icheze chini ya uwezo wake. Cheza kwa nguvu. Mechi ikiisha, dereva aliyemgonga mwenzake hadi mkono ukapinda aende kwenye banda lile, tena asiende na maneno matupu. Aende na fundi na kipande cha alumini. Tumeona mara nyingi roboti ikinyooshwa na watu waliokuwa wameivunja robo saa kabla, na urafiki wa timu hizo ukaendelea kwa misimu.

Kwenye hatua ya mtoano imetokea pia muungano ukatumia mapumziko yake wenyewe, ulioyakusudia kwa dharura zake, ili wapinzani wamalize kufunga mnyororo. Ni uamuzi mzito na si kila nahodha atauchukua, wala asilaumiwe asipouchukua. Wanaouchukua husema wanataka kushinda dhidi ya roboti tatu, wasishinde dhidi ya mbili.

Waamuzi nao ni watu wa kujitolea. Mwenye swali kuhusu matokeo ni mwanafunzi mmoja kutoka kwa wanaoendesha, anayesimama kwenye kisanduku kilichochorwa sakafuni na kusubiri aitwe. Mwalimu au mzazi anayefoka kutoka jukwaani anaiharibia timu yake jina. Mwanafunzi afundishwe nyumbani jinsi ya kuuliza: namba ya mechi, sekunde takriban, tukio, na kanuni inayohusika. Na kama alama zimezidishwa upande wenu, simameni kwenye kisanduku hicho hicho mseme. Hilo ndilo gumu kuliko kuazimisha betri, kwa sababu linagharimu pointi papo hapo na jukwaa zima linatazama.

Kuhusu jukwaa, neno moja: viti havihifadhiwi. Koti moja lililotandazwa kwenye viti kumi linawanyima nafasi wazazi wa timu ndogo waliofika kuona mechi moja tu.

Kisha kuna uchaguzi wa miungano. Timu nane za juu huchagua wenzao wa mtoano, na kabla ya hapo wapelelezi wao, wanafunzi wanaokusanya habari za roboti nyingine, huzunguka mabandani wakiuliza roboti inaweza nini. Hapa uaminifu ndio wema wenyewe. Kama kifaa chako cha kupandia kimefanya kazi mara mbili katika mechi tisa, sema mara mbili katika mechi tisa. Kama gia imepasuka mechi ya mwisho, mwambie nahodha kabla hajakutaja kwenye kipaza sauti, ingawa unajua anaweza kumchagua mwingine. Timu ikikataa mwaliko haiwezi kualikwa tena na nyingine, kwa hiyo anayefikiria kumkataa mtu amfuate mapema faraghani. Kumkataa mbele ya ukumbi mtoto ambaye hakudokezwa kitu kunauma bila sababu. Takwimu za upelelezi zigawieni. Timu yenye wanafunzi sita haiwezi kutazama mechi zote huku ikitengeneza roboti, na karatasi yenu haiwapunguzii ninyi chochote.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mlango wa karibu wa kuyaona haya ni FIRST Global, mashindano ambayo kila nchi hupeleka timu moja na miungano ni ya mataifa matatu dhidi ya matatu. Yalianza Washington mwaka 2017, na Tanzania na Kenya zimeshapeleka timu. Mwaka huo wa kwanza wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia dakika za mwisho, na seti yao ya vifaa ilikuwa imechelewa forodhani, hivyo walikuwa na muda mfupi wa kujenga kuliko wengi. Waliondoka na medali ya fedha ya ujasiri.

Roboti za FIRST Global ni ndogo na vifaa ni vile vile kwa wote, kwa hiyo kipuri chako kinamfaa jirani yeyote. Shida kubwa ni umeme. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa inaingia Dubai na Singapore, zilikofanyika 2019 na 2023, lakini haiingii Geneva, Athens wala Mexico. Soma maandishi ya chaja: yakisema 100 hadi 240, volti za nchi yoyote zitaifaa na kinachohitajika ni adapta tu. Beba adapta moja imara na ekstensheni ya nyumbani yenye matundu manne. Majirani wanaotumia plagi kama yetu watapata umeme hapo hapo. Zana zote za chuma ziende kwenye mzigo wa chini wa ndege, na kanuni za kubeba betri ziulizwe mapema kwa shirika la ndege. Lugha ikigoma, chora. Mchoro wa waya mbili na namba 60 kando yake unaeleweka na mtoto wa nchi yoyote aliyewahi kushika multimita, na ukikutana na timu nyingine inayojua Kiswahili, itifaki ya Kiingereza haina kazi tena.

Siku ya mwisho kila mtu anakimbilia basi, na hapo ndipo vifaa vingi hupotea. Pangieni watu wawili ambao hawafungashi roboti: kazi yao ni daftari tu, kupita kila banda lililoandikwa, kurudisha mlivyoazima kwanza, kisha kuchukua mlivyoazimisha. Betri za wenzenu zirudi na karatasi inayosema imejaa au imekwisha. Koleo lisilopatikana lifutwe daftarini na lingine linunuliwe kabla ya msimu ujao. Banda la jirani mwenye watu wachache lisaidiwe kubomolewa, maana meza na nguzo zile zile wao huzibeba watu wanne. Kabla ya kuachana badilishaneni anwani kati ya wale walioshughulikia programu, na yale mliyowaeleza kwa haraka muwatumie wiki hiyo hiyo yakiwa yameandikwa vizuri, na picha za waya zao zikionyesha nini kilichomoka na kilifungwa vipi.